Wanaoanza kwa kujitenga: kutoka Amboni hadi Shakahola

Februari 2015 wakazi wa Kiomoni, kilomita chache kaskazini mwa jiji la Tanga, walifungiwa ndani na milio ya risasi. Polisi na wanajeshi wa JWTZ walikuwa wamezingira vichaka vya mapango ya Amboni, wakiwasaka watu wenye silaha zilizoporwa kwa askari polisi jijini mwezi uliotangulia. Mwanajeshi mmoja aliuawa na askari kadhaa wakajeruhiwa. Mwaka uliofuata, usiku wa kuamkia Mei 31, watu 8 walichinjwa Kibatini, kata ya Mzizima, katika jiji hilohilo. Mei hiyohiyo, Mwanza, watu waliingia msikitini waumini wakiwa kwenye swala ya isha, wakaua watatu akiwamo imamu.

Jeshi la Polisi lilisema wa Amboni ni majambazi. Kwenye baraza za Ngamiani, jijini Tanga, watu walinong'ona jina jingine, magaidi. Ubishi huo uliendelea kwa muda, halafu mji ukarudi kwenye shughuli zake, na nadhani hapo ndipo tulipokosea sote. Tuliwatafutia wale watu jina, tusiulize walitoka nyumba zipi, walisoma kwa nani, na ni siku gani waliacha kuja kuzika na wenzao.

Mapango ya Amboni yamewahi kuficha watu wenye silaha kabla ya hawa. Anayewatembeza wageni pale hakosi kumtaja Osale Otango, aliyejificha humo na mwenzake Paulo Hamisi miaka ya 1950 huku serikali ya Mwingereza ikimsaka. Wazee wamemsimulia kama mtu aliyewaibia matajiri akawagawia masikini. Ukweli wa masimulizi hayo ni jambo lingine. Linaloonekana ni kwamba pango, umaskini na bunduki, vikikaa peke yake, huzaa mnyang'anyi. Mnyang'anyi anajua kwamba anachofanya ni kosa, ndiyo maana anajificha na ndiyo maana anagawa. Anayechinja majirani wanane usiku mmoja ameshafika mahali ambapo hajioni tena ana kosa. Kuna mtu amemwambia kwamba hao si wenzake.

Sababu ambayo watu huikimbilia kwanza ni njaa, na Tanga ina mengi ya kueleza kuhusu njaa ya kazi. Mkonge uliojenga mji huu ulitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka nchini katikati ya miaka ya 1960, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa umeshuka hadi tani 20,000 hivi. Viwanda vilifungwa, reli ikalala, vijana wa Ngamiani na Makorora wakabaki vijiweni. Yote hayo ni kweli. Lakini watu wa wilaya za Handeni na Kilindi wamelala njaa miaka mingi kuliko wa Tanga mjini, na walio wengi hawakumshikia mtu panga. Umaskini huwaandaa vijana kumsikiliza yeyote mwenye ahadi. Ahadi yenyewe hutoka kwa mtu, na mtu huyo ndiye wa kuchunguzwa.

Sababu ya pili ni dini yenyewe, kwamba eti kitabu fulani kimeagiza damu. Pwani yetu ina jibu lake, na liko Pangani.

Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilipokuja kuchukua utawala wa mwambao, wakala wake Pangani alikuwa Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo. Alitaka bendera ya kampuni ipepee, akamdhalilisha liwali, na katika siku za Idi ya kuchinja Wajerumani wakaingia msikitini na viatu vyao na mbwa. Mji ukalipuka. Abushiri bin Salim al-Harthi akaongoza vita ambavyo Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga alivitungia utenzi. Vita hivyo vilivaa nguo za dini, kwani msikiti ulikuwa umenajisiwa na adui alikuwa Mkristo. Hata hivyo, vita vikiwa vimepamba moto, Askofu Charles Smythies wa misheni ya Kiingereza ya UMCA alifika Pangani akielekea kwa watu wake Magila, na umati ukataka kumuua. Abushiri akamkinga. Lakini Januari 1889 waliomfuata Abushiri waliichoma misheni ya Wabenediktini wa Kijerumani kule Pugu na kuwaua baadhi ya wamisionari.

Vita ni vilevile na dini ni ileile. Mkristo mmoja alilindwa na mwingine akauawa, na tofauti ilikuwa bendera. Smythies alikuwa Mwingereza asiyedai mji, na wa Pugu walihesabiwa kuwa sehemu ya dola iliyokuja kunyang'anya. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, na wapo wanaomkumbuka kama shujaa wa nchi kuliko shujaa wa dini. Sisemi Pugu ilikuwa halali. Watu wasio na bunduki waliuawa. Nasema kisa hiki kinaonyesha dhuluma ya kweli ikiwashwa na tusi dhidi ya jambo takatifu, na kila mara wachochezi wetu wa leo wanapofanya kazi hutafuta vitu hivyo viwili pamoja.

Dhuluma bado zipo, na Muislamu wa pwani anazijua kwa majina: jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, kuvunjwa mwaka 1968 na baraza la BAKWATA kuwekwa mahali pake, makubaliano ya mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa kuhusu shule na hospitali, Waislamu kupigwa risasi na polisi Mwembechai, Dar es Salaam, mwaka 1998, Mahakama ya Kadhi iliyoahidiwa ikazungushwa. Mtu anaweza kubishana na kila moja kati ya hizo, na ni haki yake. Asichoweza ni kusema kwamba wanaozitaja wote ni wachochezi. Na tusi nalo halikosekani. Oktoba 2012 watoto wawili walibishana Mbagala, mmoja akadaiwa kuukojolea msahafu, na makanisa yakachomwa. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje nyama ya buchani uliishia kwa kuuawa mchungaji Mathayo Kachila. Siku chache baadaye Padri Evarist Mushi alipigwa risasi Zanzibar, na Mei 5 bomu likalipuka kanisani Olasiti, Arusha, likaua watu 3.

Hata hivyo maelfu ya watu walikuwa na dhuluma ileile na walisikia tusi lilelile, wakarudi nyumbani. Nini kilimtenga yule asiyerudi?

Nimekuwa nikivitazama visa vya Afrika Mashariki, vya Waislamu na vya Wakristo, na kila kimoja kina hatua inayotangulia panga, moto au njaa. Kundi hujitenga. Kwanza huacha msikiti au kanisa la mtaa, kwa madai kwamba wanaoswali humo wameharibika. Kisha huwatoa watoto shule. Kisha hukataa hospitali, chanjo na kitambulisho. Mwisho huhama, huenda msituni, shambani au kwenye boma lenye uzio, na humo sauti inayosikika inabaki moja.

Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, ilikuwa hivyo. Waumini wa kundi la Kurejeshwa kwa Amri Kumi za Mungu, lililoongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, na ndani yake padri msomi Dominic Kataribabo, waliuza mali zao wakahamia kambini. Walikatazwa kuongea, wakawa wanaelewana kwa ishara. Dunia iliyotabiriwa kuisha Desemba 31, 1999 haikuisha, na baadhi wakaanza kudai mali zao. Machi 17, 2000 kanisa lao lilifungwa kwa misumari likateketezwa na watu ndani, na baadaye maiti nyingine zikafukuliwa kwenye nyumba za kundi. Kwa jumla walikufa mamia. Sidhani kuna mateka aliye mateka zaidi ya mtu aliyezuiwa hata kumuuliza jirani yake neno.

Shakahola ni karibu nasi zaidi. Ni pwani yetu, Kilifi, safari ya siku moja kutoka mpaka wa Horohoro. Paul Mackenzie, aliyewahi kuwa dereva wa teksi Malindi, alihubiri kwamba shule ni ya shetani na hospitali haihitajiki. Mwaka 2017 alifikishwa mahakamani kwa ajili ya watoto waliokosa shule. Mwaka 2019 alifunga kanisa akaingia na wafuasi wake kwenye msitu wa ekari zipatazo 800. Aprili 2023 makaburi yakaanza kufukuliwa, na idadi ya miili ikapita 400, wakiwamo watoto wengi; wengi walifungishwa saumu hadi kufa ili wakutane na Yesu. Alama zote zilikuwa zimeonekana hadharani miaka sita kabla.

Sasa tazama kusini. Kuanzia mwaka 2016, Kibiti, Rufiji na Mkuranga walianza kuuawa wenyeviti wa vijiji, watendaji na askari. Aprili 13, 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa shambulio moja Jaribu, Kibiti. Operesheni ilipokuwa kali, baadhi ya waliohusika walivuka mto Ruvuma. Kaskazini mwa Msumbiji tayari kulikuwa na vijana waliojitenga na misikiti ya wazee wao, wakiingia kuswali na viatu, wakikataa shule na sheria za serikali. Masheikhe wa Cabo Delgado walilalamika kwa viongozi mapema. Oktoba 5, 2017 vijana hao walivamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, na vita vilivyofuata vimeua maelfu na kuwahamisha wengi mno. Oktoba 2020 vilifika hata Kitaya, Mtwara, upande wetu wa mto.

Muislamu msomi hashangazwi na mfuatano huu. Makhawariji walijitenga na jeshi la Ali bin Abi Talib, wakawakufurisha waliobaki, kisha mwaka 661 Abdulrahman bin Muljam akamuua khalifa huyo msikitini, katika mji wa Kufa. Ibn Muljam alikuwa mtu wa swala nyingi. Wazee waliotusomesha walikuwa wakisimulia kisa hiki kwa sauti ya onyo: kumkufurisha mwenzako ndiko kunakotangulia, upanga ukafuata.

Kwingine duniani hali haibadiliki sana. Nathuram Godse aliyemuua Gandhi Januari 30, 1948 alikuwa Mhindu aliyemwona Gandhi msaliti wa Wahindu. Yigal Amir aliyempiga risasi waziri mkuu wa Israeli, Yitzhak Rabin, mwaka 1995 alikuwa Myahudi aliyemuua Myahudi mwenzake. Baruch Goldstein aliwaua waumini 29 wakiwa kwenye swala Hebron mwaka 1994. Huko Myanmar mtawa Wirathu alihubiri chuki kwa miaka kabla ya Warohingya zaidi ya 700,000 kukimbilia Bangladesh mwaka 2017. Wauaji wa Rabin na Gandhi wananifikirisha zaidi, kwa sababu kila mmoja alianza kwa kumtoa mwenzake ndani ya dini yao wenyewe.

Narudi Tanga, na kwenye jambo linaloniuma zaidi, ambalo ni kupotea kwa mwalimu.

Mji huu ulikuwa mji wa vyuo. Sheikh Ali bin Hemed al-Buhriy, aliyefariki mwaka 1957, alikuwa kadhi na mwalimu ambaye watu walisafiri kuja kumsikiliza. Mwanafunzi alikaa miguuni pa shehe wake miaka, akapita vitabu kimoja baada ya kingine, na hakufundisha mpaka apewe ijaza, yaani ruhusa inayomtaja aliyemfundisha na aliyemfundisha huyo, hadi nyuma kabisa. Kijana mwenye hasira alikuwa na mtu wa kumzuia: angeulizwa, "Hii umeisoma kwa nani?" Na kama hakuwa na jibu, alinyamaza.

Kisha zikaja kaseti, halafu sidii, halafu simu. Mahubiri ya Aboud Rogo wa Mombasa, yaliyokuwa kwa Kiswahili safi chenye mvuto, yalisambaa mwambao mzima hadi Msumbiji, na yakaendelea kusambaa baada ya yeye mwenyewe kuuawa Agosti 27, 2012. Anayesikiliza mahubiri hayo usiku kwa vipokea sauti vya masikioni hana shehe wa kumuuliza. Na mahubiri yanapomwambia kwamba maulidi ya babu yake ni bidaa, yaani uzushi katika dini, na kwamba babu mwenyewe ni mshirikina kwa sababu anakwenda kuzuru makaburi, yanakuwa yameshamkatia kamba ya kwanza.

Hapa lazima nisimame niseme wazi. Ansari Suna wa Tanga, ambao nao wanayaona maulidi kuwa bidaa, wana shule, wana zahanati, wanasomesha wasichana na yatima, na wengi mno kati yao wanaikataa damu kwa dalili za kitabu. Kumhesabu kila mwenye suruali fupi kuwa mtu wa Amboni ni dhuluma, na ni dhuluma inayomsaidia mchochezi, kwa sababu ndicho anachowaambia vijana: hawa hawatawahi kuwakubalini.

Utafiti wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, uliotolewa mwaka 2017 baada ya kuwahoji watu waliojiunga na makundi ya silaha katika nchi kadhaa za Afrika zikiwamo Kenya na Somalia, ulisema mambo mawili yanayostahili kusomwa pamoja. Asilimia 57 ya waliojiunga kwa hiari walikiri kwamba maandiko ya dini yao walikuwa wakiyaelewa kidogo au hawayaelewi kabisa. Na miaka 6 ya elimu ya dini ilipunguza uwezekano wa kujiunga kwa hadi asilimia 32. Kwa hiyo wanaodhani kufunga madrasa kutaleta usalama wanafunga mlango uliokuwa ukizuia.

Utafiti huo ulisema jambo la tatu ambalo serikali zetu hazipendi kulisikia. Asilimia 71 ya waliohojiwa walisema kilichowasukuma hatua ya mwisho ni kitendo cha serikali, kama kukamatwa au kuuawa kwa ndugu au rafiki. Kenya Sheikh Aboud Rogo na Sheikh Abubakar Shariff, aliyeitwa Makaburi, waliuawa barabarani kwa risasi bila kesi kufika mwisho, na Mombasa ikawaka. Zanzibar masheikhe wa jumuiya ya Uamsho walikaa mahabusu takriban miaka 7 kwa tuhuma za ugaidi, kisha Juni 2021 mashtaka yakafutwa wakarudi kwao. Huenda serikali ilikuwa na sababu za kuwashuku. Lakini mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 8 baba yake alipochukuliwa, alikuwa na 15 alipomwona tena, na ndani ya miaka hiyo hakusikia ushahidi wowote. Sheria ya Kuzuia Ugaidi tunayo tangu mwaka 2002. Kesi inayosikilizwa ikaisha, hata kwa hukumu nzito, inampa mchochezi maneno machache kuliko kesi inayolala.

Kuna kitu mkoa huu unacho ambacho naona kinathaminiwa kidogo mno. Nenda Muheza. Misheni ya Magila imekuwapo tangu karne ya 19 na misikiti imekuwapo pia, na katika koo za Wabondei utakuta baba mmoja ana mtoto mchungaji na mtoto maalimu. Pakitokea msiba, wa msikitini na wa kanisani wanakaa mkeka mmoja, wanagawana kuni na maji, na kila mmoja anajua mahali pa kusimama wakati wa sala ya mwenzake. Kwenye koo hizi anayetaka kumkufurisha jirani huanza na shangazi yake mwenyewe, na shangazi huwa na la kusema. Mchochezi mwenye akili hafanyi kazi mahali kama hapo kabla ya kumtoa kijana nje ya ukoo.

Kwa hiyo dalili za kwanza haziwezi kuonwa na helikopta. Anayeziona ni mwalimu wa darasa anayehesabu watoto watatu wa nyumba moja waliopotea wiki moja. Ni muuguzi wa zahanati ambaye mama mjamzito ameacha kuja, na imamu anayeona safu ya vijana imehama kwenda kuswali kwenye banda nje ya kijiji. Ni mchungaji anayesikia kwamba wanakwaya wake wameuza mashamba. Na watu wote hawa humwendea mtu mmoja, mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa.

Kibiti ilionyesha mwenyekiti huyo anasimama wapi. Wauaji walimtafuta yeye kwanza kwa sababu walimwona ndiye anayepeleka habari, na kwa upande wa pili wananchi wakamwona ndiye anayewaleta askari wanaopiga kila mtu. Halipwi mshahara, hana gari, nyumba yake inajulikana na haina ukuta. Tunamtaka awe macho ya taifa kwenye mpaka wa Horohoro, kwenye misitu ya Kilindi na kwenye bandari bubu zote kuanzia Mkinga hadi Pangani. Halmashauri zetu zikikaa kupanga bajeti ya mwaka, ningependa kuona fungu lenye jina lake: posho isiyosubiri, njia ya kupeleka habari bila jina lake kuandikwa kwenye daftari la kituo, na ahadi kwamba kijana aliyemtaja kwa nia ya kumwokoa atafikishwa kwanza mbele ya shehe au mchungaji wake na wazazi wake, na polisi wakija, waje na hati ya mahakama.